Mwalimu Aliyesalimia Kabichi

Hapana, hakuwa kichaa. Naona mdomo wako umeshajikunja kuniuliza, ufunge kwanza. Kichaa anasalimia kabichi na kabichi inamjibu. Mwalimu alisalimia tu, akangoja kidogo kwa adabu, akapita kwa nyanya. "Habari za asubuhi, kabichi. Nyanya, mmeamkaje? Nyinyi vitunguu mnajificha nini huko chini?" Hazikumjibu hata mara moja, na yeye hakusema zimemjibu. Sasa kichaa hapo kiko wapi?

Na sisi alitufanya tusalimie. Watu wazima wenye akili zao, wake za polisi, wengine na mimba zimefika hapa, tumesimama na watoto kwenye mstari mmoja: "Habari za asubuhi, kabichi!" Sajini wa nyumba za polisi, yule aliyekuwa anatutawala sisi wote pale, kifua kama pipa, yeye kusalimia kwa mdomo tu hakuweza. Alipiga saluti. Alipiga buti chini, bumu! "Kabichi! Jambo!" Kabichi mbili zikalala.

Mwalimu akaenda kuziinua polepole, akamwambia kwa ile sauti yake ya puani, nyembamba, kama mtu anapuliza chai, "Sajini, hizi ni kurutaaa. Tumia nusu ya buti."

Bustani yenyewe ilikuwa Nsambya, nyuma ya nyumba za polisi, pale ardhi inaposhuka kwenda kwa watu wa reli. Mimi nilikuwa mke wa polisi, chumba kimoja, watoto wanne, pazia katikati. Ni wakati wa serikali ya wanajeshi. Sukari hakuna, chumvi hakuna, sabuni tunaisikia kwa jina tu kama mtu aliyehamia Nairobi. Mwalimu akaona kile kipande kilichojaa magugu nyuma ya vyoo, akamwomba sajini ruhusa, akasema kila Jumamosi asubuhi atafundisha kulima mboga, mkubwa na mdogo, bure. Sajini akamuuliza, "Wewe unapata nini?" Mwalimu akasema, "Napata watuuu." Sajini akafikiri ni kanisa.

Alikotoka sijui. Sikuuliza. Siku zile kuuliza mtu ametoka wapi na baba yake ni nani, hiyo ilikuwa kazi ya watu wenye miwani nyeusi ndani ya gari. Nilijua anakaa nyumba za reli na mke wake, na kwamba sisi wote tulimwita Mwalimu, hata mke wake.

Huyo mke namtaja sasa kwa sababu ukingoja ajitaje mwenyewe utazeeka. Mtu wa kunyamaza. Jua likifika juu anakuja na chakula cha bwana wake ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa, anakaa kwenye jiwe mpaka bwana ale, anachukua bakuli, anaondoka. Mimi naiga kila mtu, unanijua. Nimeiga padri, nimeiga shehe, nimeiga redio ikiharibika. Yule alinishinda. Nilijaribu kumuiga mbele ya wanawake wenzangu, nikakaa kimya na bakuli mapajani, wakaniuliza, "Hujaanza bado?"

Sasa masomo. Mimi shule sikuingia. Kalamu nikiishika inatetemeka yenyewe. Kwa hiyo siku ya kwanza nilisimama mbali, nikaona wanawake waliosoma wamekuja na madaftari, wamekaa mbele, wamelamba ncha ya penseli. Nikasema, haya, hii pia si yangu. Mwalimu akapita kwao akasema asante, asante, asante, akakusanya madaftari yote. Wakafikiri anakwenda kuyasahihisha. Akachana kurasa, akazikunja vikopo vidogo, akavijaza udongo, akawarudishia. "Haya. Pandeni nyanya humo. Mkono chini!"

Hiyo ndiyo ilikuwa amri yake. Ukiuliza swali, mkono chini. Ukiwa na huzuni, mkono chini. Mwanamke mmoja alikuja analia bwana wake amemtukana, Mwalimu akamtazama, akamchimbia shimo. "Mkono chini." Yule mama akaweka mkono ndani ya udongo, akalia humo kidogo, baadaye akapanda biringanya. Ile biringanya ilikuwa chungu, sitasema uongo.

Lakini kabla ya kushika jembe ilibidi ushike nyungunyungu. Hiyo ilikuwa sheria ya kuingia, na hakuna aliyesamehewa. Mwalimu anachimba, anatoa yule mdudu mrefu, mwekundu, anajinyonganyonga, anakuwekea kwenye kiganja. "Huyu ndiye mwenye shamba. Sisi ni wapangajiii. Jitambulishe." Lazima utaje jina lako na utokako, halafu unamrudisha chini taratibu. Watoto walipenda. Watu wazima walipiga kelele mpaka wagonjwa huko hospitali ya juu kilimani labda waliinuka vitandani.

Sajini, huyohuyo wa pipa, mtu aliyewahi kukamata mwizi kwa meno, alipoona zamu yake imefika alirudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mgongo ukagonga choo. "Mwalimu! Hii kitu haina macho! Itanionaje?"

"Haitakuona, Sajini. Itakusikia."

"Mimi sitaki kusikiwa!"

Mwishowe alifunga macho akanyoosha mkono kama mtoto anayechanjwa. Akataja jina, namba yake ya polisi, na cheo. Nyungunyungu akamkojolea. Watoto wakacheka mpaka wakaanguka ndani ya dodo, ule mchicha wetu, na sajini hakumpiga hata mmoja. Ndiyo siku nilipoanza kumpenda yule Mwalimu. Askari kuchekwa na mtoto na jua likachwa salama, wakati ule hiyo haikuwa kitu kidogo.

Tulikuwa na mtu mwingine, Nalongo, mama mwenye mapacha, Muganda, anauza mboga Kalerwe. Yeye alituletea mbegu na miche kwenye kikapu, akabaki kubishana. "Mwarimu! Mwarimu ssebo! Nakuletea kaloti, lakini wewe unazibembereza, zitakuwa wavivu!" Kwa sababu Nalongo yeye mimea hakuisalimia. Aliitukana. Anainama juu ya tuta, anashika kiuno, anaanza: "Wewe kaloti! Shingo kama ya mwizi! Mama yako arikuwa mnene, wewe nani arikuroga? Ota, mbwa wewe!" Banange, matusi mengine siwezi kuyasema mbele yako, hujaolewa.

Wakabishana mpaka wakaamua kujaribu. Tuta moja la salamu, tuta moja la matusi, mbegu ileile, maji yaleyale. Mwalimu akaweka kwenye tuta lake watoto wapole, kila Jumamosi wanasema habari za asubuhi. Nalongo akachukua sisi wake za polisi, ambao matusi hatukuhitaji kufundishwa. Mwanangu, tulitukana. Tulitukana kwa Kiswahili, kwa Kiluo, kwa Kilugbara, kwa Kinubi. Mtu alikuwa na hasira na bei ya sabuni, anaikuta karoti. Mtu alikuwa na hasira na serikali, hawezi kuitaja, anaikuta karoti. Nilimsikia mama mmoja anaiambia karoti, "Ulisema utatuletea maisha mazuri, yako wapi?" na sisi wote tukainama haraka, tukapalilia.

Karoti za matusi zikawa kubwa kupita za salamu. Nalongo akazibeba kichwani, akazunguka bustani nzima anacheza.

Mwalimu akazitazama, akakunja mikono. "Hizo hazikukuaaa," akasema. "Zilikuwa zinachimba zikimbie."

Kupalilia pia nikueleze. Palikuwa na njia pale juu ya bustani, na gari likipita halina namba, Mwalimu alisema neno moja tu: "Palilieni." Hakusema kwa nini. Sisi sote kichwa chini, watoto na wazee, tunapalilia hata mahali hapana jani. Gari likipita, tunaona tumeng'oa dodo zetu wenyewe, tunazirudishia na kuziomba radhi. Jirani yake mmoja wa reli alichukuliwa na gari la namna hiyo. Mwalimu akapanda mstari wa vitunguu pembeni, karibu na ua, akakataza mtu yeyote kuumwagilia ila yeye. Vikikomaa alivipeleka kwa mke wa yule jirani, anapanda vingine. Hakutuambia neno. Tulijua.

Basi. Sasa nikupe siri yake, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea.

Mwalimu alikuwa hali mboga.

Usicheke bado. Huyu mtu aliwahubiri watoto kila Jumamosi. "Watoto, dodo ni damuuu. Nakati ni mifupaaa. Kabichi inafanya macho yaone mbaliii." Watoto wangu ambao walikuwa wanatema kila kitu kijani walianza kula, wanasafisha sahani, "Mama, niongeze damu." Nyumba zote za polisi, watoto wanakula majani kama mbuzi. Na yeye mwenyewe jani halikupita kooni. Nilijuaje? Nilimwona. Mke wake alileta bakuli siku moja kitambaa kimelegea: ugali wa posho, nyama, mchuzi wa karanga. Kijani hakuna hata cha kupotea njia. Juma lingine vilevile. Mara moja Nalongo kwa upendo wake alimwekea kijiko cha nakati pembeni ya posho, Mwalimu akaisukuma kwa kidole mpaka ikafika ukingoni, ikaanguka, akaifunika udongo. Akaipanda upya, maskini, ilikuwa imeshapikwa.

Tukivuna tunagawana, na yeye anachukua fungu lake kwa heshima kubwa, anapita nalo katikati ya watoto wanaona. Akifika nyumbani anawalisha sungura. Alikuwa na sungura wanene, mwanangu, sungura wenye kidevu. Halafu anakula sungura. Nilimwambia siku moja pembeni, "Mwalimu, kumbe mboga unakula, ila unataka mtu mwingine atafune kwanza." Akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Akaninong'oneza, "Mama, mimi jani likigusa ulimi, tumbo linapanda. Tangu mtoto. Usiwaambie watotooo."

Sikuwaambia. Wanawake tulijua, tukanyamaza. Watoto hawakujua, na sajini hakujua. Sajini mwenyewe alikuwa anakula kabichi mbichi mbele ya askari wake ili awe mfano, anatafuna analia.

Haya. Ikaja habari mbaya. Palikuwa na afisa mmoja wa jeshi, mkubwa wa wakubwa, simtaji jina, tulimwita Mukubwa na tulilitaja jina hilo polepole. Watu wake walitaka kile kipande chetu wajenge kantini ya bia, na mahali pa kucheza dansi. Walikuja wakapima kwa hatua, wakakanyaga biringanya. Sajini akakusanya nguvu zake zote, akamwomba Mukubwa aje aone kwanza kwa macho yake kabla ya kuamua. Mukubwa akasema atakuja Jumamosi. Akipenda, bustani inabaki. Asipopenda, bia.

Wiki ile hatukulala vizuri. Sajini akataka kabichi zipangwe kama gwaride, zile zilizokua nje ya mstari akataka kuzihamisha kwa nguvu. "Hii kabichi iko namna gani? Inasimama kama mlevi!" Mwalimu akamzuia kwa mwili wake. Tuliosha majani kwa kitambaa. Tulipaka mawe chokaa. Tulifundisha watoto wimbo. Mwalimu akapanga kila kitu: nani atasimama wapi, nani atashika kopo la maji, nani atabeba kikapu cha zawadi chenye kabichi kubwa kuliko zote. Kila kitu alipanga. Alisahau kitu kimoja tu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua. Utakisikia.

Mukubwa akaja. Land Rover mbele, Land Rover nyuma, bunduki pande zote. Akashuka. Mtu mrefu, mzito, sauti yake kama gunia linaburutwa. "Hii... kitu... nani... alifanya?"

Sajini akapiga saluti, akasahau kabisa kiasi cha buti, kabichi ya kwanza ikalala. Watoto wakaimba. Mukubwa anatembea, mikono nyuma, anakagua kabichi kama anakagua askari, anasimama mbele ya moja, anaitazama usoni, anapita. Tunaanza kupumua. Mara namwona Mwalimu anainama, anachimba.

Nikamwambia Nalongo, "Hapana. Hawezi."

Nalongo akasema, "Katonda wange, anaweza."

Alikuwa na nyungunyungu kwenye kiganja. Sheria ni sheria. Akamwendea yule mtu, na bunduki zote zile zinamtazama, akanyoosha mkono. "Mukubwa, huyu ndiye mwenye shamba. Sisi ni wapangajiii. Jitambulishe."

Sajini alifunga macho. Mimi nilianza kuwahesabu watoto wangu nione nitakimbia na nani mkononi.

Mukubwa akamtazama nyungunyungu. Akavua glovu. Akampokea. Na mwanangu, uso wa yule mtu ukafunguka kama wa mtoto. Akasema jina lake, lile la nyumbani, sio la redioni. Akasema kijiji chake. Akasema, "Mama yangu... alikuwa ananituma... kutafuta hii... ya kuvua samaki." Akamrudisha chini kwa vidole viwili, taratibu kuliko sajini. Tukapiga makofi mpaka mikono ikawaka. Tulishinda! Bustani imepona! Nalongo ananishika kiuno, mimi namshika Nalongo.

Mwalimu naye kwa furaha akachukua kikapu, akampa zawadi. Kabichi kubwa, inang'aa, ina maji bado.

Mukubwa akaipenda. Akatoa kisu mwenyewe, akaipasua, akachuna jani. Kisha akakumbuka yeye ni nani. Akalinyoosha lile jani kwa Mwalimu.

"Onja."

Ndicho alichosahau. Kwetu hata pombe, mwenye kuileta anaonja kwanza, mgeni aone hakuna kitu ndani. Na mtu kama yule, ambaye kila usiku anaota sumu, atakula kitu hakijaonjwa?

Mwalimu akalipokea jani. Akatabasamu. Akalitazama. Akatazama watoto, wote wamesimama na shingo ndefu, wanaona Mwalimu wao anakwenda kula. Akaweka mdomoni. Akatafuna mara moja, na mashavu yakajaa kama ya mtu anapiga tarumbeta. Macho yakatoka maji. Koo likapanda, likashuka, likapanda. Tukaanza sisi sote kumeza mate kumsaidia. Meza, Mwalimu! Meza, baba! Akajaribu, Mungu anaona alijaribu, jasho likamtoka masikioni.

Akatema. Kwenye buti la Mukubwa.

Nikasikia zile bunduki, kle-kle-kle. Mukubwa akaiangusha kabichi kama imemchoma. Sauti yake haikuburuta tena. "Sumu! Mnataka kuniua!" Sajini akapiga saluti tena, hajui anampigia nani. Mwalimu naye ameshika tumbo, hawezi kusema hata kama angetaka, na tayari askari wawili wamemshika mikono, wanamvuta kwenda kwenye gari. Unajua gari zile zilikwenda wapi na watu. Mimi nina sauti za watu wote wa Kampala kooni, siku ile hakuna hata moja iliyotoka.

Ndipo yule mke akainuka kwenye jiwe.

Aliweka bakuli chini vizuri, lisimwagike. Akapita katikati ya bunduki kana kwamba ni matuta. Akaokota nusu ya ile kabichi, akachuna jani, akalitafuna mbele ya Mukubwa, akalimeza, akafungua mdomo aonyeshe hakuna kitu. Halafu akasema. Kwa miaka yote ile ndiyo mara ya kwanza tunasikia sauti yake, na alisema maneno machache tu, yakasikika mpaka kwenye vyoo.

Mukubwa akamtazama. Akamtazama Mwalimu. Ikaanza chini tumboni kama gari bovu, hho, hho, hho, akacheka mpaka kofia ikaanguka, mpaka askari wake wakaona ni lazima na wao wacheke, mpaka akamshika sajini bega ili asianguke. "Kantini... hapana!" akasema. "Bustani... ikae!" Akachukua kabichi zote za mstari wa mbele, akaenda zake anacheka, tukamsikia mpaka barabarani.

Kwa hiyo bustani ilipona, na Mwalimu alipona. Masomo ndiyo yalikufa palepale. Kwa sababu watoto walisikia. Jioni ile nyumba zote za polisi, ukipita unasikia sahani zinasukumwa. Wangu wa tatu, yule binti wa mdomo, akaweka mikono kifuani: "Dodo ni damu, eeh? Damu ya nani?" Sajini ndiye aliyeumia zaidi. Alikaa mlangoni kwake, pipa zima limeshuka, anasema, "Mimi nilikula mbichi. Mbichi!" Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja na jembe lake, akasalimia kabichi zilizobaki, akangoja. Tulikuja mimi na Nalongo na bata wa mtu. Akatufundisha hivyohivyo mpaka jua likapanda. Baada ya hapo hakuja tena, na watu wakagawana matuta, wakaanza kugombana mipaka, na hakuna aliyesalimia kitu.

Wanajeshi wale wakaondoka, wakaja wengine, wakaondoka. Bwana wangu akastaafu. Na siku moja niko Kansanga, nimekwenda kununua mkaa, napita mbele ya mahali wanachoma nyama pale barabarani. Namwona mzee mmoja ameketi kwenye benchi, kofia imelala, na sahani ya muchomo mbele yake. Pembeni ya sahani wamemwekea kabichi iliyokatwakatwa. Anaisukuma kwa kidole. Polepole, mpaka ukingoni.

Nikasimama nyuma yake, nikakaza pua: "Kabichi inafanya macho yaone mbaliii."

Karibu ameze kijiti. Akageuka, akanishika mikono miwili, akacheka bila meno. Na kando yake, kikombe cha chai mkononi, nani? Mke wake. Mzee na yeye, lakini hajabadilika, bado hajaanza.

Tukakaa. Nikamuuliza bustani, akasema ana masufuria matatu ya miche mlangoni, anaisalimia. Nikamwambia Nalongo alitangulia mbele ya haki anatukana daktari. Akavua kofia, akaivaa tena. Halafu akasema, "Mama, nifanyie ile siku. Mimi sikuiona vizuri, nilikuwa natapikaaa."

Nikainuka pale pale Kansanga, barabarani, watu wanatazama. Nikafanya sajini na buti lake. Nikafanya Nalongo. Nikafanya Mukubwa anakuja kama gunia, nikafanya nyungunyungu hata, nikajinyonganyonga mpaka kiuno kikalia. Nikafanya Mwalimu na mashavu yake, mchoma nyama akaacha nyama ikaungua. Nikafanya kle-kle-kle. Mwalimu anacheka anajifuta macho, anasema, "Endelea, endelea."

Nikafika kwa mke wake. Nikainuka kwenye jiwe, nikaweka bakuli chini, nikatafuna, nikameza, nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Ile sauti sikuwa nayo, sijawahi kuwa nayo.

Mwalimu akamgeukia mkewe. "Basi sema weweee," akamwambia. "Na mimi nisikie. Siku ile hata sikusikia vizuri."

Yule mama akaweka kikombe chini, vizuri, kisimwagike. Akaitazama ile kabichi ukingoni mwa sahani, akamtazama bwana wake, na akasema kama alivyosema siku ile mbele ya bunduki na watoto wetu wote, bila kupandisha, bila kushusha:

"Si sumu. Huyu hajala mboga tangu anioe. Anafundisha tu."